Mazoezi ya mantiki kwa kompyuta na simu: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Mtwara

Tangu tuanze kufungua chumba cha kompyuta Jumamosi asubuhi hapa Mtwara mjini, maswali yanajirudia. Mengine tunaulizwa na wazazi mlangoni wanapokuja kumchukua mtoto, mengine yanatumwa na walimu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Kilwa wanaotaka kuanzisha jambo kama hili kwao. Nimeyakusanya karibu kama yalivyoulizwa. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali jingine, lifuate, maana sikutaka kurudia jambo lile lile mara tatu.

## Mwanzo kabisa

1. Mantiki ni kitu gani hasa, na zoezi lake linakuwaje?

Mantiki ni elimu ya kupima kama hitimisho linatokana kweli na maneno yaliyotangulia. Haikuulizi unajua mambo mangapi. Inakuuliza kama ulikuwa na haki ya kutoka hapa kwenda pale.

Chukua mfano huu. Umeme ukikatika, feni ya chumbani inasimama. Sasa feni imesimama. Je, umeme umekatika? Karibu kila mtoto mgeni anajibu ndiyo. Lakini huenda mtu kaizima ukutani, au imeungua. Uliambiwa kwamba umeme ukikatika feni inasimama. Hukuambiwa kwamba hakuna kingine kinachoweza kuisimamisha. Sasa geuza: feni inazunguka. Je, umeme umekatika? Hapana, na hapa una haki ya kusema hapana kwa uhakika, kwa sababu ungekuwa umekatika feni ingesimama.

Zoezi la mantiki ni hilo hilo, mara kumi, mara mia, kwa sura tofauti: maneno, maumbo, swichi, namba za sudoku (fumbo la kujaza vyumba bila kurudia namba kwenye mstari), au vipande vya programu unavyovipanga mwenyewe.

2. Kwani vitendawili na bao havitoshi? Sisi tulikua bila kompyuta.

Vinasaidia sana, na mtoto aliyekulia navyo anaonekana. Kitendawili kinamzoesha kutafuta mfanano uliofichwa. Bao linakwenda mbali zaidi: mashimo 32, kete 64, na mchezaji mzuri hagusi kete kabla hajafuata kichwani mtaji wake utaishia wapi na mwenzake atajibu nini. Hiyo ni mantiki tupu.

Kuna pia fumbo la mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani, mtumbwi ukibeba kimoja tu pamoja naye. Watoto wengi wanalijua kabla hawajashika kipanya. Vijana wetu walilijenga upya kwa Scratch (programu ya kutengenezea michezo, swali la 4), mto wakauita Ruvuma. Walipoiamuru kompyuta iorodheshe kila mpangilio unaowezekana, ilitoa 16. Sita kati ya hiyo mtu analiwa mbuzi wake au majani yake, inabaki 10 salama, na njia fupi kuliko zote ina safari 7. Bibi alikufundisha jibu. Kompyuta inakuonyesha fumbo zima, pamoja na njia zote ambazo bibi hakuzitaja. Hapo ndipo inapoongeza kitu.

3. Mtoto aanze na umri gani? Na lazima ajue Kiingereza?

Miaka mitano au sita anaweza kupanga maumbo na kukamilisha mfuatano. Kauli za "kama… basi" ziache mpaka darasa la nne hivi.

Kiingereza si lazima kuanza. Scratch unaweza kuiweka kwa Kiswahili ndani ya mipangilio yake, na mazoezi mengi ya watoto ni picha tu. Tunawaacha wabishane kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, chochote kinachowatoka haraka. Ubishi ndio tunaoutaka. Istilahi za Kiingereza za sekondari zinakuja baadaye, na zinaingia kwa urahisi kwa mtu ambaye jambo lenyewe keshalielewa.

## Programu na vifaa

4. Mnatumia programu gani, na ni za kulipia?

Zote tunazotumia ni za bure.

Kwa shule ya msingi ni GCompris, mkusanyiko mkubwa wa michezo ya kujifunzia ulioanza mwaka 2000. Ndani yake mna sudoku ndogo za picha na mnara wa Hanoi, ule mchezo wa kuhamisha sahani kutoka mti mmoja kwenda mwingine bila kuweka kubwa juu ya ndogo. Uliletwa na mwanahisabati wa Ufaransa, Édouard Lucas, mwaka 1883. Napenda kuanza nao, kwa sababu sahani tatu zinataka hatua 7, nne zinataka 15, tano 31, na mtoto akiandika namba hizo mstari mmoja anaanza mwenyewe kuuliza kwa nini.

Kuanzia darasa la tano na kuendelea tunatumia Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Humo mwanafunzi hajibu swali. Anatengeneza kitu, na kisipofanya kazi anatafuta kosa kwenye sharti alilolipanga.

Kwa sekondari ya juu kuna Logisim ya Carl Burch, ya kuchora saketi za mantiki. Mwenyewe alisimamisha kuiendeleza mwaka 2014, wengine wakaichukua kwa jina la Logisim-evolution (tazama swali la 15). Walio vyuoni tunawaelekeza Carnap, inayokagua uthibitisho hatua kwa hatua, ila ni ya Kiingereza na hutumika mtandaoni.

5. Kijijini kwetu intaneti ni ya kubahatisha. Itawezekana?

Itawezekana. GCompris, Scratch ya kusakinisha na Logisim zikishaingia kwenye kompyuta hazihitaji bando tena. Pakua mara moja ukiwa mjini, weka kwenye flashi, sambaza. Logisim inahitaji Java (programu inayoiendesha), kwa hiyo beba na Java kwenye flashi hiyo hiyo. Watu wengi wanaisahau, wanafika Tandahimba ndipo wanakumbuka.

Kama shule ina kompyuta kadhaa, fikiria programu ya Kolibri. Kompyuta moja inawekewa masomo na mazoezi, nyingine zinaungana nayo kwa Wi-Fi ya humo humo ndani, bila intaneti yoyote. Mwalimu anaona nani kafanya lipi na wapi wengi wamekwama. Inafanya kazi hata kwenye vile vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi.

6. Nina simu tu.

Simu janja yenye Android inaweza GCompris na sudoku bila shida. Scratch inabana sana kwenye kioo cha simu, inafaa kishikwambi. Walimu wengi wana vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, na kimoja kinatosha watoto watatu wakikaa pamoja. Watatu ni bora kuliko mmoja, kwa sababu iliyoelezwa swali la 8.

7. Umeme ukikatika katikati ya zoezi?

Hifadhi kazi kila baada ya hatua kubwa. Tunapendelea laptopu chakavu zenye betri inayoshika hata dakika 40 kuliko kompyuta nzuri ya mezani. Na ukikaa karibu na bahari, funika mashine kwa kitambaa kila jioni. Chumvi inakula matundu ya flashi na ya chaja taratibu, unakuja kugundua mwaka umeisha.

## Kufanya zoezi lenyewe

8. Mwalimu, mwanangu anabonyeza bonyeza tu mpaka kijani kitokee. Kuna anachojifunza?

Hakuna. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, niruhusu nilikalie.

Majibu yakiwa manne, na programu ikikuruhusu kujaribu tena, lazima utafika kwenye lililo sahihi hata ukifumba macho. Nilikuwa na binti wa kidato cha pili aliyemaliza maswali 40 kwa robo saa. Programu ikamwandikia amekamilisha yote. Nikaketi kando yake, nikarudisha swali la mwisho, nikaweka daftari langu juu ya kibodi na kumwomba anieleze kwa nini jibu ni la tatu. Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akasema, "Kwa sababu la kwanza na la pili yalikuwa mekundu." Alisema kweli kabisa, na ndicho kitu pekee alichokuwa amejifunza.

Tukaanza upya kwa karatasi. Kwenye daftari akapiga mistari mitatu ya kwenda chini: *Ninadhani*, *Kwa sababu*, *Ikawa*. Hagusi kipanya kabla ya kujaza mistari miwili ya kwanza. Kwa nusu saa alimaliza maswali matatu tu. Kwenye la tatu alikataa jibu lake mwenyewe kabla ya kulibonyeza: aliandika sababu, akaisoma, akaona haishiki, akaifuta. Programu haikuliona hilo. Mimi nililiona, na tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya na kila mtoto.

Nyumbani huhitaji kujua mantiki ili umsaidie. Kaa karibu, na kabla hajabonyeza muulize, "Kwa nini?" Akikujibu "nahisi tu", mwambie asubiri. Wakiwa wawili au watatu kwenye mashine moja, wanaulizana wenyewe, na ndiyo maana hatuoni uhaba wa kompyuta kuwa msiba.

9. Jedwali la ukweli linajazwaje bila kuchanganyikiwa?

Jedwali la ukweli ni orodha ya kila hali ambayo kauli zako zinaweza kuwa nayo. Kila kauli ina hali mbili, kweli (K) au uongo (U). Kauli mbili zinatoa mistari 4, tatu zinatoa 8, nne 16. Safu ya kwanza nusu ya juu yote K, nusu ya chini yote U. Safu inayofuata gawa nusu tena. Ukishika mpangilio huo huwezi kusahau mstari. Wanaojaza ovyo ovyo hurudia mmoja na kuacha mwingine, na programu inawaambia wamekosea bila kuwaambia wapi.

10. Kwa nini "kama A basi B" inahesabiwa kweli hata A ikiwa uongo? Hainiingii akilini.

Ifikirie kama ahadi. Mjomba anakwambia, "Mvua isiponyesha Jumamosi, nitakupeleka Mikindani." Ni lini utakuwa na haki ya kumlaumu?

| Mvua haikunyesha | Alikupeleka | Ahadi |
|---|---|---|
| K | K | imetimia |
| K | U | imevunjwa |
| U | K | haijavunjwa |
| U | U | haijavunjwa |

Mvua ikinyesha na akakupeleka hata hivyo, amekutendea wema tu, hajavunja neno. Ikinyesha na msiende, hajavunja pia. Mstari mmoja tu ndio unaomtia hatiani. Mantiki inaandika K popote ambapo ahadi haijavunjwa, basi. Wanafunzi wengi wanaolikariri hili bila kulielewa wanalisahau ndani ya mwezi. Waliopita kwa mjomba hawalisahau.

11. Lile zoezi la magunia manne mnalowapa watoto wote ni lipi?

Ni sura ya kwetu ya fumbo la kadi nne zenye herufi na namba, lililobuniwa na mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, mwaka 1966. Ghalani kuna kanuni: *kama gunia limeandikwa daraja la kwanza, basi korosho zake ni kavu.* Mbele yako kuna magunia manne, kila moja unajua jambo moja tu kulihusu. La kwanza limeandikwa "daraja la kwanza". La pili limeandikwa "daraja la pili". La tatu lebo imegeukia ukutani, lakini umepima na korosho ni kavu. La nne lebo imegeukia ukutani, na korosho zina unyevu. Utakagua magunia yapi, na yasiyo ya lazima uyaache, ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Wengi husema la kwanza na la tatu. Jibu ni la kwanza na la nne. La tatu, hata likiwa daraja la pili, halivunji chochote. Kanuni haikusema korosho kavu lazima ziwe daraja la kwanza. La nne likigeuzwa na kukutwa limeandikwa daraja la kwanza, hapo kuna kesi.

Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida fumbo lile lile kwa sura ya sheria ya umri wa kunywa pombe, na wengi wakapatia, wakati kwa herufi na namba tupu wengi hukosa. Kwa hiyo programu ikimpa mtoto wako herufi na namba akakwama, mbadilishie iwe magunia, nauli au zamu ya kuchota maji, kisha mrudishe kwenye herufi.

12. Programu inasema nimekosea, nami nina hakika niko sahihi. Nifanyeje?

Kwanza hesabu mabano, maana makosa mengi yamo humo. Pili, angalia kama umesoma "au" au "wote" tofauti na programu (swali la 13 na la 14). Tatu, tafuta mfano mmoja unaovunja jibu lako. Ukiupata, programu imeshinda. Ukishindwa kabisa, tuandikie. Programu zinatengenezwa na watu, na tumewahi kukuta jibu lililowekwa vibaya. Mtoto aliyeligundua alitembea wiki nzima kifua mbele.

## Kiswahili na mantiki

13. "Au" ina maana moja au mbili?

Kwenye mazungumzo ni mbili, kwenye mantiki ni moja. Mama ntilie akikuuliza "chai au uji?" anataka uchague kimoja. Lakini tangazo likisema "aje mzazi au mlezi", wakija wote wawili hakuna atakayefukuzwa. Programu karibu zote zinatumia hii ya pili: "A au B" ni uongo pale tu ambapo vyote viwili ni uongo.

14. Kwa nini "wote hawakuja" inawatatiza watoto hivyo?

Kwa sababu inabeba maana mbili ambazo mantiki inazitenganisha kabisa. Sema "wanafunzi wote hawakuja": wengi wetu tutaelewa hakuna hata mmoja aliyekuja. Mwingine ataelewa kwamba hawakutimia, yaani baadhi walikosekana. Mwanafunzi anayeombwa kukanusha "wote walikuja" huandika "wote hawakuja", na anapigwa nyekundu asijue kwa nini.

Kanusho la "wote walikuja" ni "si wote waliokuja", maana yake kuna angalau mmoja ambaye hakuja. Si lazima wawe wote. Tunalifundisha kwa kuhesabu madaftari mezani: yamepungua moja tu, je, "wote wameleta" bado ni kweli? Si kweli. Basi moja linatosha. Kiswahili kinaweza kulisema hili kwa usafi kamili, mradi mtoto ajue pa kuiweka "si", na ningependa walimu wa Kiswahili na wa hisabati wakae meza moja juu ya jambo hili.

15. Mtoto wangu yuko mchepuo wa sayansi. Hii itamsaidia kwenye mtihani?

Moja kwa moja. Hisabati ya juu ya kidato cha tano ina mada ya mantiki: kauli, viunganishi, majedwali, uhalali wa hoja, na mitandao ya swichi. Swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja ni "na": taa haiwaki mpaka zote ziwashwe. Zikiwa sambamba ni "au". George Boole alizigeuza kanuni za fikra kuwa aljebra mwaka 1854, na Claude Shannon akaonyesha mwaka 1937, akiwa mwanafunzi wa MIT, kwamba aljebra hiyo ndiyo inayoendesha swichi.

Kwenye Logisim anachora saketi ya swali la mtihani, anabonyeza swichi, anaona waya unabadilika rangi. Kisha airahisishe kwa kanuni karatasini, aichore iliyorahisishwa, na alinganishe. Zikitofautiana hata mstari mmoja, amekosea. Ajizoeze T na F za Kiingereza (true na false, yaani K na U) mapema, kwa sababu ndizo atakazoandika siku ya mtihani.

## Hali za pekee

16. Mtoto hatofautishi nyekundu na kijani.

Ipo, hasa kwa wavulana, na programu nyingi hutoa majibu kwa rangi hizo mbili. Washa sauti, au chagua mazoezi yanayoweka alama ya vema na ya mkasi. Kwenye Logisim-evolution rangi za waya zinaweza kubadilishwa kwenye mipangilio.

17. Akili mnemba imfanyie, yeye asome jibu?

Kwa zoezi, hapana. Ni ile ile kubonyeza mpaka kijani kitokee. Kwa mwanafunzi mkubwa kuna matumizi tunayoyaruhusu: aiombe hoja, kisha yeye atafute ilipokosea. Mara nyingine anapata.

18. Msimu wa korosho watoto wanapotea. Wakirudi waanze upya?

Wasianze upya. Kuanzia Oktoba wengi wanasaidia shambani, tunalijua. Wakirudi, wiki ya kwanza tunawapa magunia manne tena, kwa kubadilisha kanuni tu. Aliyeelewa anapatia, na asiyepatia tunajua tuanzie wapi naye.

19. Mimi ni mtu mzima, sijashika kompyuta. Naweza kuja?

Karibu sana. Mzee mmoja mcheza bao alikuja kumsindikiza mjukuu wake, akakaa kwenye mnara wa Hanoi mpaka tukafunga chumba. Sahani tano, hatua 31, bila kukosea hata moja, mara ya tatu tu ya kujaribu. Kipanya ndicho kilichomsumbua.

20. Nimekwama kwenye fumbo la chui, mbuzi na majani. Mnatoa jibu?

Jibu hatutoi. Kidokezo tunatoa, kimoja: hakuna aliyesema kwamba ukishamvusha mbuzi huruhusiwi kurudi naye.